Anayehesabu magunia Busia si mtoza ushuru

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka Busia au Mutukula wamewahi kumwona kijana aliyekaa kando ya njia, kalamu mkononi, akitazama baiskeli zinavyopita na kuandika. Hasimamishi mtu, haulizi kitu. Wapo wanaomdhania mpelelezi wa ushuru, wakageuza mzigo na kushika njia za panya.

Mara nyingi kijana huyo anakusanya takwimu tu. Tangu miaka ya 2000 Shirika la Takwimu la Uganda (UBOS) na Benki Kuu ya Uganda zimekuwa zikipima biashara ndogo ndogo isiyoingia kwenye vitabu vya forodha. Njia waliyochagua ni ya macho. Mtafiti huangalia kilichobebwa kichwani, kwa baiskeli, kwa mkokoteni, hata kwa vile viti vya magurudumu vya ndugu zetu walemavu wa Busia, kisha hukadiria. Ili makadirio yasiwe ya kubuni, magunia, madebe na mikungu ya ndizi hupimwa kwa mizani, ijulikane kila kimoja kina kilo ngapi kwa kawaida. Bei huchukuliwa sokoni. Jina la mwenye mzigo halina kazi.

Kwa nini wasiulize? Msomaji mfanyabiashara anajua jibu. Mama mwenye magunia matatu ya maharage ukimuuliza thamani ya mzigo wake atakutajia nusu, na mimi simlaumu. Lakini macho nayo yana mipaka. Yanaona gunia, hayaoni mkopo ulionunua gunia hilo, wala karo inayosubiri faida yake. Hayo hupatikana kwa kuuliza.

Na kuuliza ni kazi. Hapa Mbuya, Kampala, ninakofundisha, wanafunzi wangu walipewa zoezi la kuzunguka mtaani na maswali waliyoyaandika wenyewe. Swali la kwanza: "Unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Mafundi na wauza chapati wakacheka. Nani kati yao hupokea kwa mwezi? Likabadilishwa: "Jana mlinunua chakula cha shilingi ngapi?" Hapo majibu yakaja, mengine na chenji yake. UBOS nao katika utafiti wa kaya hupima umaskini kwa matumizi, si kwa mapato, na chakula huulizwa cha siku 7 zilizopita.

Kikwazo kingine kilikuwa lugha. Kwangu mimi niliyesomea uhamishoni Kenya, Kiswahili ni cha darasani na sokoni. Mbuya ina kambi ya jeshi, na wazee wa Kampala bado wanakumbuka Kiswahili cha vizuizi vya barabarani enzi za Amin na Obote. Mwanafunzi alipobisha hodi kwa Kiswahili, mzee mmoja alijibu kila swali: "Ndiyo, afande." Majibu ya namna hiyo hayana thamani, ilibidi arudi na Kiganda. Nyumba ya pili mambo yakageuka: mama aliyerejea kutoka Kongo alinyamazia Kiganda, akafunguka kwa Kiswahili mpaka jioni.

Sisi tuliorudi tuna swali letu linalotutia baridi: "Ulizaliwa wapi?" Tunahofia uraia. Sensa ya Mei 2024, ya kwanza Uganda kutumia vishikwambi, ilihesabu watu milioni 45.9, na nina hakika miongoni mwao wapo waliozaliwa Nairobi wakasema Tororo. Kila anayefanya hivyo anatupunguza katika hesabu, kisha tunalalamika kwamba serikali haijui tuko wangapi. Sheria ya UBOS ya 1998 inamkataza karani kutoa habari za mtu mmoja mmoja.

Sensa ni lazima kujibu. Mtafiti asiye wa UBOS ni hiari yako, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi iko upande wako. Muulize ametumwa na nani, jina lako litaandikwa au la, na ana kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Muulize pia kama mwenyekiti wa LC1 anamjua. Asipokuwa na barua, mpe chai na umwambie arudi nayo kesho.