Kazi inaisha, lakini wenzako wa kazi wanabaki

Mwezi wa kwanza mwaka 2025, Marekani ilisimamisha msaada wake wa nje. Siku chache baadaye, vita ikaingia Goma na benki zikafunga milango. Mashariki mwa RDC, wafanyakazi wengi wa mashirika ya misaada walijikuta nyumbani, CV mkononi.

Ni karatasi gani inayomtetea mtu wa namna hiyo? Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 79, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha kazi. Kinaonyesha kazi aliyoifanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yake ya usalama wa jamii. Sheria inakataza kuongeza jambo lingine. Kwa hiyo cheti hakisemi kama ulichunga stoo kwa uaminifu, wala kama uliondoka ukitukana watu.

Hayo yanasemwa na wale mliofanya kazi pamoja. Ndiyo sababu matangazo mengi ya kazi Goma, Bukavu au Bunia yanaomba majina na namba za simu za watu wanaokufahamu kikazi. Na anayepigiwa simu si lazima awe mkubwa wako wa zamani. Stajiere uliyemdharau jana anaweza kuwa mkuu wa mradi leo.

Mwaka 1973, mtaalamu wa jamii Mmarekani Mark Granovetter alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia watu, wengi waliisikia kwa mtu wasiyeonana naye mara kwa mara, kama vile mwenzao wa kazi ya zamani. Sababu ni rahisi: rafiki wa kila siku anajua habari zilezile unazozijua. Aliyehamia ofisi nyingine anasikia mengine.

Huo si undugu wala ukabila, ugonjwa unaowafungia vijana wengi mlango. Mjomba anakupendekeza bila kukuona kazini. Mwenzako anasema alichokiona.

Lakini usijifunge kwa mkubwa mmoja tu. Akihamishwa, unabaki yatima.

Kama mkataba wako unakaribia kuisha, dai cheti chako mapema. Omba ruhusa kabla ya kuandika jina la mtu kwenye CV. Na umpigie simu hata siku ambayo huna cha kumuomba: umuulize tu kama watoto hawajambo.