Kweli au Uongo: Kazi ya Mikrokontrola Mjini Bujumbura

Kijana wa mtaa wa Buyenzi anayetengeneza redio na simu akisema anataka kuwa mhandisi wa mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyo ndani ya chipu moja, huambiwa mengi. Tuyapime.

"Teknolojia hiyo ni ya ng'ambo, haituhusu." Uongo, tena unaoumiza. Tazama mita ya cash power ukutani. Unanunua umeme, unapewa namba, unaibonyeza, taa inawaka. Wengi hudhani mita imewasiliana na shirika la umeme, Regideso. La. Katika mfumo wa STS, uliobuniwa Afrika Kusini kwa mita za aina hii na unaotumiwa pia na Luku ya Tanzania, kiasi ulicholipia kimefichwa ndani ya tarakimu 20 zenyewe. Mikrokontrola ya mita hulifumbua fumbo hilo kwa ufunguo wake, bila mtandao wowote, ikaongeza uniti. Ukirudia namba ileile, inakataa. Kuna mhandisi aliyekaa akajiuliza: na mtu akiiingiza mara mbili? Kubuni ni kujiuliza hivyo mchana kutwa.

"Chipu hubuniwa na wazee wenye shahada lukuki." Uongo. AVR, chipu ya bodi ya kujifunzia ya Arduino Uno, ilianzia kwa wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway: Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Arduino yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakusomea elektroniki.

"Umeme ukikatika, programu inafutika." Uongo. Hubaki kwenye kumbukumbu ya flashi. Kinachopotea ni kilichomo kwenye RAM.

"Waya mmoja ukikosewa, chipu inaweza kuungua." Kweli. Mikrokontrola ya ESP32 hutumia volti 3.3, mguu wake ukiupa volti 5 unaweza kuiua. Ndiyo maana mwalimu mzuri huanza na taa moja ya LED na rezista ya omu 220, na hakuruhusu kuwasha kabla hujapima mwenyewe.

"Anayefundisha ni aliyeshindwa kubuni." Uongo mtupu. Swali la mwanafunzi, "kwa nini rezista?", humrudisha mhandisi kwenye msingi ambao mazoea yalikuwa yameufunika.

Wahandisi mliosoma Chuo Kikuu cha Burundi na kwingineko, chukueni bodi moja na taa chache, mwende Buyenzi Jumamosi moja. Mafundi wapo, na mikono yao tayari inajua kulehemu.