Kutoka Mizani hadi Mapigo: Nafasi ya Mtayarishaji katika Muziki wa Kufokafoka wa Temeke

1.0 Utangulizi

Mjadala wa wanamapokeo na wanausasa, uliopamba moto katika miaka ya 1970, ulihusu kwa kiasi kikubwa suala la vina na mizani. Kichomi ya Kezilahabi (1974) iliweka mbele ya wasomaji mashairi yasiyofungwa na kanuni hizo, na Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu wakatoa hoja za kitaaluma za kuutetea mkondo huo. Katika mjadala ule, vina na mizani vilitajwa pamoja mara nyingi kiasi cha kuonekana kama pacha wasioweza kutenganishwa: ama mtunzi avifuate vyote viwili, ama aviache vyote viwili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vijana wa Dar es Salaam, ambao wengi wao hawakuujua mjadala huo, waliwatenganisha pacha hao. Katika muziki wa kufokafoka vina vilibaki, tena vikakolezwa. Mizani iliachwa, na mahali pake pakashikwa na mapigo ya muziki. Kwa kuwa mapigo hayo huundwa na mtayarishaji wa studio, ambaye vijana humwita prodyuza, tunadai kwamba mtayarishaji ni mshiriki katika utunzi, na kwamba uhakiki unaomwacha nje unachambua nusu tu ya kazi. Mfano wetu mkuu ni kazi za Juma Kassim, maarufu kama Juma Nature, wa Temeke, na mtayarishaji Paul Matthysse, maarufu kama P-Funk Majani.

2.0 Usuli

Muziki wa kufokafoka uliingia Dar es Salaam katika miaka ya 1980 kwa njia ya kaseti na kanda za video. Walioupata mapema walikuwa hasa vijana wenye jamaa ng'ambo au wenye uwezo wa kununua vifaa, na wengi wao walifoka kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza kwa kuuvika maneno ya Kiswahili wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Miaka iliyofuata yaliibuka makundi kama Kwanza Unit, lililoundwa mwaka 1993, na wasanii kama Joseph Mbilinyi (Mr. II), aliyetoa Ni Mimi mwaka 1995.

Mambo mawili yaliubadili muziki huu kuwa wa watu wengi. La kwanza ni kuanzishwa kwa redio za watu binafsi, miongoni mwao Radio One mwaka 1994. La pili ni studio ndogo zilizomilikiwa na vijana wenyewe. Bongo Records ya P-Funk na MJ Records ya Joachim Kimario (Master J) zilianza katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo, msanii aghalabu alifoka juu ya muziki wa Kimarekani uliokwisha kurekodiwa. Maneno yalikuwa yake, lakini mapigo yalikuwa ya wengine. Studio hizi ziliwezesha mapigo kuundwa kwa kuyazingatia maneno ya Kiswahili. Funga Kazi ya Hard Blasters (2000) na Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay (2001), zote zikiwa zimepitia mikononi mwa P-Funk, ni matunda ya mabadiliko hayo.

3.0 Vina bila Mizani

Ili kulifafanua dai letu, tuchukue mishororo miwili tuliyoitunga kwa ajili ya mfano tu:

Natoka Tandika,
daladala imejaa, watu wananung'unika.

Mshororo wa kwanza una mizani 6, wa pili una mizani 16. Kwa kipimo cha mapokeo, shairi hili ni guni. Hata hivyo, likifokwa juu ya mapigo manne kwa kila mshororo, halina kasoro yoyote. Katika mshororo wa kwanza silabi husambaa na kuacha kimya katikati; katika wa pili hubanana mithili ya abiria wenyewe. Kinachosawazisha mishororo hiyo ni muda.

Mkazo wa Kiswahili nao huchangia. Kwa kuwa aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mfokaji huweza kuiweka silabi hiyo juu ya pigo la nne la ngoma, na silabi ya mwisho ikafuata kama mwangwi. Hivyo kina cha kufokafoka kwa kawaida ni cha silabi mbili, -dika kwa -nika, na husikika kwa nguvu kuliko kinavyoonekana katika maandishi.

Ulinganisho na Japani unaweza kutusaidia hapa. Ushairi wa jadi wa Kijapani, kwa mfano tanka, huhesabu vipande vya sauti kwa mpangilio wa 5-7-5-7-7, lakini haukujengwa juu ya vina. Aidha, kitenzi cha Kijapani huja mwishoni mwa sentensi, hali inayofanya miisho mingi ifanane bila ya ufundi wowote. Condry, katika utafiti wake wa hip hop ya Japani (2006), anaeleza jinsi wasanii wa huko walivyobishana iwapo lugha yao ingeweza kufokwa hata kidogo. Kundi la King Giddra, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1995, lilisifika kwa kujenga vina vya Kijapani kwa makusudi, ikiwa ni pamoja na kuvunja mpangilio wa kawaida wa sentensi. Kwa maneno mengine, Mjapani alikuwa na hesabu akatafuta kina. Mswahili alikuwa na vyote viwili akaiacha hesabu. Wote wawili walikutana kwenye pigo la ngoma.

4.0 Juma Nature na P-Funk

Temeke ni miongoni mwa wilaya tatu za awali za Dar es Salaam, pamoja na Ilala na Kinondoni. Kijana aliyekulia huko alizungukwa na mdundiko, taarabu na mchiriku, muziki wa uswahilini unaopigwa kwa kinanda kidogo cha umeme na vipaza sauti vikuukuu. Juma Nature alitoka katika mazingira hayo. Albamu zake Nini Chanzo (2001) na Ugali (2003) zilitengenezwa Bongo Records.

Upekee wake ni kwamba hafoki moja kwa moja wala haimbi moja kwa moja. Huburuza irabu, hupandisha sauti ghafla, hutania, kisha hulalamika. Katika "Inaniuma Sana" maumivu ya kusalitiwa katika mapenzi yamo katika namna neno linavyovutwa, si katika neno peke yake. Anayeusoma wimbo huo karatasini hukutana na lugha ya mitaani ya aina waliyoieleza Reuster-Jahn na Kießling (2006), bali hakutani na mvuto wake. Mvuto huo unahitaji muziki wenye nafasi. Mtayarishaji anayejaza ala kila mahali huiua sauti ya namna hiyo. Anayekata ngoma mahali panapofaa huifanya isikike. Maamuzi kama hayo, yaani wapi pawe na kimya, wapi sauti irekodiwe mara mbili, kiitikio kirudi lini, ni maamuzi ya kimuundo. Katika shairi la mapokeo yalikuwa ya malenga. Studioni hugawanywa baina ya watu wawili.

Inafaa kuondoa dhana potofu kwamba "sauti ya Temeke" ni zao ghafi la mtaa. P-Funk, mwenye asili ya Kitanzania na Kidachi, hakuwa msanii wa Temeke. Sauti ambayo nchi nzima iliitambua kama ya Temeke ilikuwa ya mtaa ikapitia studio, na baadaye mtaa nao ukaiga sauti hiyo ya studio. Kundi la TMK Wanaume lililifanya jina la wilaya kuwa nembo, na lilipogawanyika mwaka 2006 kati ya Wanaume Halisi wa Nature na Wanaume Family wa Temba na Chege, pande zote mbili ziliendelea kulishikilia jina hilo.

5.0 Suala la Haki

Hoja yetu haiishii kwenye nadharia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi kwa hakimiliki. Mtendaji na mtayarishaji wa rekodi za sauti huwalinda kwa hakishiriki. Prodyuza wa Dar es Salaam huvuka mpaka huo: yeye hurekodi, na papo hapo hutunga muziki. Katika enzi ya kaseti, mara nyingi kazi iliuzwa kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na suala la nani alitunga nini halikuandikwa popote. Wimbo unaporudiwa miaka mingi baadaye, swali hilo hurejea likiwa na gharama kwa wote wawili.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mapigo yamechukua kazi ya mizani, na kwamba anayeyaunda anastahili kutajwa pale mtunzi anapotajwa. Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na hili. Kwanza, wanafunzi wanaokusanya matini za bongo fleva wasiishie kunukuu maneno. Waonyeshe pigo linapoangukia, mahali pa kimya, na jina la mtayarishaji. Pili, watayarishaji wa kizazi cha kwanza wahojiwe wangali hai. Kanda huchakaa, na kumbukumbu ya namna ubeti ulivyobadilika studioni haipo katika kaseti yoyote iliyouzwa.