Rundo la Mawe Mashambani Eldoret: Lipi Kaburi, Lipi Zizi?

Sisi watu wa pwani tukitajiwa makaburi ya kale, fikra hutupeleka Gedi, Mnarani au Takwa. Lakini bara nako wamelala watu wa zamani kuliko hao. Nilipozuru mashambani nje ya Eldoret nilionyeshwa rundo la mawe kando ya mahindi, nikaambiwa, "Hilo la Wasirikwa." Jina hilo Uasin Gishu hubebeshwa kila cha kale, na ndipo watu wanapochanganya.

Mashimo ya Sirikwa ni vibonde vya duara vilivyochimbwa kwenye miteremko. John Sutton, aliyeyachunguza miaka ya 1960, alieleza kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na vijumba vimeshikana navyo ubavuni. Hayo si makaburi, na umri wake ni wa karne chache tu.

Rundo la mawe ni jambo jengine. Wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa, miaka elfu mbili tatu iliyopita, walimlaza maiti amekunjwa magoti, wakamfunika kwa mawe. Mary Leakey alichimba makaburi ya namna hii Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Wanawake walikutwa na vyombo vya mawe, wanaume hawakuwekewa kitu. Lothagam, karibu na Ziwa Turkana, walizikwa watu wasiopungua 580, kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita, wakubwa kwa watoto, pamoja na mapambo yao.

Hata hivyo, si kila rundo ni kaburi. Mkulima naye hurundika mawe akisafisha shamba, na wa kukata shauri ni mtaalamu. Taabu ni kwamba mawe hayo ni mali: ya msingi wa nyumba, ya ua. Waliozikwa hawakuacha maandishi. Mpangilio wa mawe na mifupa ndio habari yao yote, na ukishavurugwa haurudi.

Basi ukilikuta, usiondoe jiwe wala usichimbe. Waarifu Makumbusho ya Kitaifa, kwani sheria ya mwaka 2006 inalinda turathi hizi. Sisi tumefunzwa hata kaburi tusilikalie, na huumia viwanja vinapomeza makaburi ya wazee wetu. Heshima tunayoidai kwa wetu, tumpe na huyu tusiyemjua jina.