Filamu za Daraja la Tatu

Mwaka 1988 Hong Kong ilianza kupanga filamu kwa madaraja, na la tatu likawa la watu wazima: aliye chini ya miaka 18 haingii ukumbini. Watayarishaji waliona soko papo hapo. Mashabiki wa Ulaya na Marekani waliozigundua baadaye huzisifia filamu hizo kwa kuthubutu. Sifa hiyo haizitoshi zile zilizo bora.

Itazame The Untold Story ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Herman Yau. Chimbuko lake ni mauaji ya kweli ya watu 10 mjini Macau mwaka 1985. Anthony Wong ni mwenye mkahawa anayeuza maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama ya watu. Askari wanaompeleleza wanapewa maandazi hayo bure, nao wanayafakamia. Kisha anakamatwa, na filamu inageuka. Askari wale wale waliokuwa wakituchekesha wanampiga, wanamnyima usingizi, wanamwachia wafungwa wamtese, wakitaka akiri. Uliyekuwa ukiomba akomeshwe unajikuta unamwonea huruma mtu aliyechinja watoto, na filamu haikupi pa kuikwepea huruma hiyo. Wong alipata tuzo ya mwigizaji bora ya Hong Kong kwa kazi hii, na aliistahili.

Mwaka 1996 Yau na Wong walitoa Ebola Syndrome. Mhalifu aliyekimbilia Afrika Kusini anambaka mwanamke Mwafrika aliye mahututi kwa ebola. Mhalifu huyo anapona, kisha anausambaza ugonjwa hadi Hong Kong. Wengi huiita kilele cha daraja la tatu. Mimi siwezi. Mwaka mmoja tu kabla yake, ebola iliua zaidi ya watu 200 Kikwit, nchini Zaire, wakiwemo wauguzi waliowahudumia wagonjwa. Kwenye filamu, Mwafrika yupo ili ugonjwa upate pa kutokea.

Wanaoitetea husema humo kila mtu anadhalilishwa. Si sawasawa. Wazungu wanapowatukana Wachina wa mkahawa mmoja wa Johannesburg, kamera inangoja, tunaziona nyuso zao, tunaona tusi lilivyowaingia. Yau alijua dharau inavyouma na alijua kuionyesha. Mwanamke yule mgonjwa hakuangaliwa hivyo hata mara moja.