Mwanza kwa mara ya kwanza: Mtaji ulindwe kuanzia stendi

MFANYABIASHARA wa Nyakakika, wilayani Karagwe, anayekwenda Mwanza kufuata mzigo kwa mara ya kwanza huwa amebeba fedha za msimu mzima. Ni malipo ya kahawa, maharage yaliyouzwa na pengine mkopo wa kikundi. Zikipotea stendi, duka halifunguliwi, na deni la kikundi linabaki palepale.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi. Zamani basi lilisubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Anayepitia Bukoba anaweza kupanda MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ila aulize ratiba kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa basi, apange kufika mchana. Mgeni anayeshuka usiku, begi mkononi na usingizi machoni, ndiye anayewindwa. Stendi ya Nyegezi iko mbali kidogo na katikati ya jiji, na wapiga debe huanza kuvuta mizigo kabla abiria hajauliza kitu. Begi abebe mwenyewe. Daladala za mjini zipo. Akitaka bodaboda, wapatane nauli kabla hajapanda, na simu ikae mfukoni.

Jambo kubwa ni fedha. Kuna wanaozishonea kwenye suruali na kujiona wajanja, lakini vibaka wa sokoni wanazijua suruali hizo. Ni afadhali kuziweka benki au kwenye simu na kumlipa mwenye duka kwa lipa namba, mgeni akibaki na nauli, chakula na gesti tu. Aulize mapema viwango vya kutoa na kulipa kwa siku, asije akakwama mbele ya kaunta.

Hata hivyo simu nayo ina wezi wake. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huwanasa zaidi watu wa biashara, kwa sababu kweli kuna mtu wanatakiwa kumtumia hela siku hiyo. Dawa yake ni kumpigia mhusika kwa namba ya siku zote na kusikia sauti yake. Ujumbe wa kitapeli utumwe namba 15040. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata wakala anayejitolea kusaidia.

Katika kununua, haraka ndiyo hasara. Wengi huanzia Mwaloni, Kirumba, kwenye dagaa. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, na mchanga hupimwa kwa bei ya dagaa. Mnunuzi asiridhike na walio juu ya gunia. Aingize mkono hadi katikati, atoe kiganja kimoja, awavunje na kuwatafuna. Wakipinda bila kuvunjika, hawajakauka, na kabla ya kufika Karagwe watakuwa wameanza kunuka. Gunia lipimwe kwenye mizani akiwa anaona.

Mitumba ya Mlango Mmoja ni mtihani mwingine. Belo halifunguliwi kabla ya kulipwa, hivyo mwenye mtaji mdogo aende na mtu anayeijua kazi hiyo, au achague nguo moja moja safari ya kwanza. Popote pale, adai risiti ya mashine ya EFD yenye kiasi kamili alicholipa. Akipunguziwa bei kwa masharti ya kutopewa risiti, atatafuta maneno ya kusema mzigo utakaposimamishwa njiani.

Mkulima anayepeleka maharage yake kuuza naye akumbuke kwamba mwaka 2017 serikali ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Na lumbesa asikubali. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100.

Wakati wa kurudi, asimame kwenye buti mpaka aone furushi la mwisho likiingia, kisha achukue risiti ya mzigo kwa kondakta. Jina na namba ya simu viandikwe kwa wino mzito pande zote mbili, maana basi likifika Omurushaka usiku, mifuko yote ya salfeti hufanana.