Tangi tupu, betri mfu: gharama ya pili ya uhaba wa mafuta Bujumbura

Habari ya mafuta Bujumbura husafiri kwa simu. Mtu humpigia shemeji yake, shemeji humwambia jirani: lori limeonekana likishusha, foleni bado fupi. Ndani ya robo saa mageti ya Kinindo, Ngagara na Kigobe hufunguliwa, na mwenye gari huketi nyuma ya usukani na kuzungusha ufunguo. Kinachofuata ni tik-tik-tik. Taa za dashibodi hufifia, stata haizunguki. Gari liliegeshwa wiki tatu zilizopita likiwa halina ubovu wowote, hakuna aliyeligusa, na sasa haliwaki. Hadi apatikane mtu wa kulibusti, foleni imekwishazunguka kona mbili.

Uhaba wa mafuta, au esansi kama wengi tunavyoiita hapa, umekuwa ukija na kuondoka Burundi tangu 2021, na kila safari umezidi kukaa. Kuna wakati wenye magari walikuwa wakipita Gatumba na kuvuka kwenda Uvira kujaza tangi. Tumeandika mengi kuhusu foleni, nauli na bei ya magendo. Jambo lililoandikwa kidogo ni kwamba gari lisilotembea haliharibikiwi na injini kwanza. Linaharibikiwa na betri, na betri ndiyo hasa kitu kigumu kubadilisha wakati huu.

Sababu ni ileile iliyokausha pampu: fedha za kigeni. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38, na dola haijawa rahisi kupatikana tangu hapo. Betri haitengenezwi hapa. Hata inayotoka kiwandani Nairobi au Kampala, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, lazima mfanyabiashara ailipe kwa fedha isiyo faranga. Kwa hiyo mtu aliyepoteza betri kwa kukosa mafuta anaadhibiwa mara mbili kwa kosa ambalo si lake. Na tangu Machi 2022, pikipiki, baiskeli na bajaji zilipoondolewa katikati ya jiji, gari lisilowaka mara nyingi maana yake ni kutembea kwa miguu.

Wengi huamini kwamba gari likizimwa, limezimika. Si kweli. Saa inaendelea kuhesabu, redio inakumbuka stesheni zake, king'ora kinasikiliza, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu yake, na kipokezi cha rimoti kinasubiri kidole chako. Vyote hivi kwa pamoja, kwenye gari zima, hula kiasi cha miliampea 20 hadi 50. Ni kidogo sana, lakini hakikomi usiku wala mchana.

Tufanye hesabu. Chukua betri ya NS60, iliyo kwenye magari mengi ya Toyota yanayopita Buyenzi, yenye uwezo wa ampea-saa 45. Kwa miliampea 50 inapoteza ampea-saa 1.2 kila siku. Baada ya siku 18 au 19 imebaki nusu. Hiyo ni betri mpya, iliyojaa, kwenye gari lisilo na hitilafu. Betri yenye miaka mitatu huenda inashika asilimia 60 tu ya uwezo wake wa kwanza, nayo hufika nusu katika siku 11 hivi. Sasa ongeza redio ya kichina iliyounganishwa moja kwa moja kwenye waya usiozimika, au kifaa cha kufuatilia gari, mpaka jumla ifike miliampea 200. Nusu inaisha kabla ya siku tano. Taa ndogo ya ndani ya wati 5, mlango ukiachwa haujafungika vizuri, inakula karibu ampea-saa 10 kwa siku. Hapo hatuzungumzi tena wiki. Ni siku mbili na kidogo.

Mtu atasema: betri ikiisha, nitaichaji. Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo. Ndani ya betri ya kawaida kuna bamba za risasi zilizozama kwenye tindikali ya salfa. Kadiri umeme unavyotoka, bamba hufunikwa na utando wa salfeti. Ukichaji mapema utando huo huyeyuka na kurudi kwenye tindikali. Ukiiacha betri tupu kwa wiki kadhaa utando hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya bamba imekufa. Ndiyo maana betri iliyokaa tupu mwezi mzima inaweza kuchajiwa usiku kucha, asubuhi ikawasha gari, na jioni ikagoma. Mwenye gari humlaumu mchajiji. Mchajiji hana kosa.

Joto la bonde letu linaharakisha yote haya. Vitabu vinavyokuja na magari vimejaa maonyo ya baridi kali, jambo lisilotuhusu kando ya Ziwa Tanganyika. Adui wetu ni mchana wa nyuzi 29 au 30, gari likiwa juani na boneti nyeusi. Betri hujipotezea chaji yenyewe hata isipounganishwa na kitu, na kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya upotevu huo huwa karibu mara mbili. Kivuli cha mwembe si anasa.

Kuna tabia moja iliyoenea ambayo ningependa ife: kuwasha gari kila asubuhi dakika tano "ili betri ichangamke". Injini ikiwa taratibu, alteneta hutoa umeme kidogo. Tukisema ampea 10 zinaingia kwenye betri, dakika tano zinarudisha ampea-saa 0.8, na gari linakula 1.2 kwa siku. Hujafika hata ulipokuwa jana. Wakati huohuo injini ya ukubwa wa sisi 1500 hunywa lita 0.6 hadi 1 kwa saa ikiwa imesimama, kwa hiyo dakika kumi za kila siku zinamaliza karibu lita nzima kwa wiki. Katika mji ambao watu wamelala foleni kwa ajili ya lita, huo ni ubadhirifu, na betri inakufa vilevile.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni spana namba 10. Siku unayojua kwamba gari litasimama, si siku ya kuondoka, fungua boneti, legeza kichwa hasi cha betri, kile chenye waya mweusi, kiondoe na ukifunge kitambaa kisirudi kugusa. Anza na hasi siku zote. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi ya gari, cheche itaruka, na betri hutoa hewa inayoshika moto. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho. Tahadhari ni mbili: redio nyingine zitadai namba ya siri, kwa hiyo itafute kwanza, na milango haitafunguka kwa rimoti, kwa hiyo hakikisha ufunguo wenyewe unazungusha kitasa. King'ora nacho kinanyamaza. Gari likilala ndani ya uwanja wenye zamu, hilo si tatizo. Likilala barabarani, itabidi uchague kati ya betri na wezi, na nisingemlaumu anayechagua kuogopa wezi.

Kwa huyo wa barabarani, na kwa mwenye uwezo kidogo zaidi, jua letu lile linaloua betri linaweza kuilisha. Paneli ya wati 10 kwenye jua kali hutoa kama ampea 0.6, kwa saa nne au tano za jua zuri unapata ampea-saa mbili na nusu hivi, zaidi ya maradufu ya kinachopotea. Sharti paneli ipitie kidhibiti chaji, vinginevyo itaipikisha betri, na iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi ndogo. Kuichomeka kwenye tundu la kiberiti hakusaidii kwenye magari mengi, kwa sababu tundu hilo hukatika ufunguo ukitolewa. Faida ya paneli ni kwamba haijali kama umeme wa REGIDESO umekatika.

Betri ya gari lisilokatwa ni vizuri kuipima kila wiki. Mita ya umeme ya bei ndogo, zinazouzwa pamoja na nyaya na balbu, inatosha. Gari likiwa limezimwa saa kadhaa, volti 12.6 maana yake imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo ipelekwe kuchajiwa leo, si wiki ijayo. Ikiwa 12.0, imebaki robo na utando unaanza kuwa mgumu. Kama inashuka haraka kuliko hesabu ya hapo juu, kuna kitu kinanyonya. Fundi huweka mita katikati ya kichwa hasi na waya wake, kwenye kipimo cha ampea 10, hufunga milango, husubiri hata nusu saa kompyuta zilale, kisha huchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo yenye mwizi. Mita ikiwa imekaa hivyo usijaribu kuwasha gari, itaungua.

Foleni yenyewe ina hatari yake, na ni tofauti na ya nyumbani. Kule gari linakufa kwa kudonolewa, huku kwa kumezwa. Usiku kucha redio inaimba, simu tatu zinachajiwa, mtu amewasha taa ya ndani apate kuhesabu noti. Taa kubwa mbili za wati 55 peke yake zinavuta zaidi ya ampea 9. Saa mbili na nusu zimemaliza nusu ya betri. Wanaosukuma gari kwa mikono kila foleni inaposogea wanafanya jambo la busara, mradi ufunguo uzungushwe kiasi cha kuachia usukani tu, kisha urudishwe.

Likishagoma hapo foleni, gari la gia za mkono linaweza kusukumwa likawaka. La otomatiki, na magari mengi yanayotufikia kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam ni otomatiki, halisukumiki. Hilo linahitaji nyaya za kubusti: nyekundu chanya kwa chanya, nyeusi kutoka hasi ya gari zima hadi kwenye chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake. Baada ya hapo usidhani dakika za kufika pampu zimeijaza. Betri iliyokwisha kabisa inahitaji saa nyingi kwenye chaja.

Betri zenye vifuniko vya kufungua zinahitaji maji ya betri pale bamba zinapoanza kuonekana. Si maji ya bomba, si ya ziwa, wala ya chupa ya kunywa, kwa sababu chumvi zake hubaki kwenye bamba. Wala si tindikali. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huoshwa kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea.

Na iliyokufa kabisa isimwagwe. Kwenye kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia majirani sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uwanja wa nyuma wa nyumba unaweza kuwa na kisa kama hicho kwa kipimo kidogo, mtu akimwaga tindikali chini ili abaki na risasi ya kuuza. Ipeleke nzima kwa muuza betri, na kabla hamjakubaliana bei ya mpya, muulize anakata kiasi gani kwa ya zamani.